London wana jumba la ubunifu, sisi tuna Kamukunji

Mgeni akinijia London kutoka nyumbani, kabla ya Big Ben humpeleka Design Museum, pale Kensington. Humo kuna viti, simu, taa na michoro ya majengo, vitu ambavyo kwetu hatuvihesabu kuwa vya makumbusho. Jengo lenyewe lilifunguliwa 1962 likiitwa Commonwealth Institute, na jumba la ubunifu likahamia humo 2016. Paa limeezekwa kwa shaba iliyotoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. (Hapo ndipo wageni wangu hupiga picha nyingi.)

Nairobi, vitu vya aina hiyo viko Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, chini ya kelele za nyundo. Kuna sanduku la bati ambalo kila aliyesoma bodingi analijua. Kuna jiko lililobanwa kiuno, chuma nje, udongo uliochomwa ndani. Lilianza kuenea miaka ya 1980, na linakula makaa kidogo kuliko lile la chuma tupu. London jiko hilo lingepewa meza yake na maelezo: nani alilibuni, kwa nini kiuno kikawa chembamba. Kwetu tunauliza bei, tunaomba tupunguziwe, tunaondoka.

Sisemi wametushinda. Kule kiti kizuri hukigusi, mlinzi anakutazama. Kamukunji unaligonga karai kwa kidole, unasikiliza, ukilikataa fundi anakuletea lingine. Mimi naona huko ndiko kukijua kitu. Ila aliyebuni mkunjo ule wa bati hajaandikwa popote, na hilo linaniudhi.

Hata jengo la KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi, ni vivyo hivyo. Lilikamilika 1973, na noti zetu mpya zote zina picha yake. Uliza ndani ya matatu David Mutiso ni nani, Mkenya aliyelisanifu pamoja na Karl Henrik Nøstvik wa Norway, uone watakaokujibu.

Mtaniambia pesa ziende hospitali kwanza, si makumbusho. Sawa, lakini sijaomba jumba jipya. Nairobi Gallery ipo tayari, katika ofisi ya serikali ya mwaka 1913, na iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Watenge chumba kimoja: michoro ya KICC, jiko, sanduku, bodi ya matatu, na majina ya mafundi walio hai waulizwe sasa. Halafu watu waruhusiwe kuvishika vitu hivyo.