Keshia hakutabasamu, na kaunta tatu zilikuwa zimefungwa

Kazi ya mteja wa siri ina kichekesho chake ukiifanyia Moshi: siri haikai. Kampuni ya utafiti iliyoko Dar es Salaam inakutuma uingie benki, sheli, supamaketi au hotelini kama mteja mwingine yeyote, ununue, uangalie, utoke, kisha ujaze fomu kwenye simu. Wao wanaona ramani tu. Wewe unaingia hotelini pale Double Road na kabla hujavuta kiti mhudumu anakuuliza, "Dada, mama mdogo anaendeleaje na mguu?"

Ndiyo maana kila mazungumzo kuhusu uaminifu wa kazi hii yanaishia kwenye kujuana. Ukiitwa semina, utaonywa juu ya mhudumu atakayekubembeleza na meneja atakayekuwekea kitu mkononi. Sawa. Lakini kwa niliyoyaona Moshi na Arusha, tunalinda mlango wa mbele wakati mwizi anapita wa uani. Shinikizo la mhudumu linauma moyo, basi. Linalobadilisha maandishi ya ripoti hutoka juu, kwa anayeilipia na kwa ofisi inayomuuzia.

Hilo la chini nalo tusilidharau. Wahudumu wana macho. Fomu ya sheli inataka ujue kama kijana wa pampu amekusalimia, kama amekuonyesha mita iko sifuri kabla ya kuanza, kama bei kikomo za EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, zimewekwa kwenye bango linalosomeka, na kama umepewa risiti bila kuiomba. Sasa niambie, ni mwendesha pikipiki gani wa Pasua anayeweka mafuta ya elfu tano halafu anasimama kusoma bango na kusubiri risiti? Kijana ameshakujua. Hotelini ndiyo kabisa: mtu aliyekuja peke yake, anayeuliza jina la mhudumu, anayechungulia saa na kwenda chooni kabla chakula hakijafika, huyo hata mpishi atatoka jikoni kumtazama.

Hapo ndipo meneja anapokuja na tabasamu. "Dada, wewe ni wa wapi? Marangu? Aa, mimi mtu wa Mamba, basi sisi ni majirani. Soda hiyo usilipe." Hakuna bahasha, hakuna neno baya. Na ukikataa soda ya jirani wa Mamba unaonekana huna malezi. Kilichoniokoa mara nyingi ni mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. Tangu mashine hizo zianze kutumika nchini mwaka 2010, risiti inatoka na tarehe na saa, na bila risiti hiyo ripoti yangu haipokelewi. Soda ya bure haina risiti. Namwambia tu, "Kaka, mimi nisipolipa sitalipwa," na mara nyingi anaelewa, maana naye ana bosi.

Wapo wasioelewa, na kwao sheria iko wazi kuliko wanavyofikiri. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haikutungwa kwa ajili ya trafiki na hakimu peke yao. Aliyetumwa na mwenzake kufanya kazi, akapokea chochote ili aipindishe, anaguswa hata kama wote ni watu wa kampuni binafsi. Hata sahani ya nyama choma inaweza kuwa rushwa sawasawa na noti.

Ndugu nao? Kanuni inasema usikague mahali alipo ndugu yako. Ukiifuata neno kwa neno hapa Kilimanjaro, utabaki kukagua mlima. Mimi nimejiwekea mpaka wangu: kama mtu huyo anaweza kuja nyumbani kwangu bila kupiga simu kwanza, kazi naikataa na sababu naitaja. Wengine wote nawaandika. Mpaka huu una matundu, najua, lakini naweza kumweleza yeyote akiniuliza.

Sasa twende juu.

Nilitumwa kwenye tawi moja la benki hapa Moshi, mwisho wa mwezi. Kaunta nne, inayofanya kazi moja. Walimu na wastaafu wamejaa hadi kwenye ngazi, mzee mmoja amekalia ndoo yake ya rangi aliyotoka kununua. Keshia ni binti mdogo. Kila akimaliza mteja anainuka kwenda kugonga mlango wa nyuma kutafuta saini, anarudi, anaita mwingine. Nilipofika kwake nilikuwa nimesimama dakika 52. Hakunisalimia. Hakutabasamu. Hakuniuliza kama nina shida nyingine, kama fomu inavyotaka. Alihesabu pesa mara mbili, sawasawa, akanipa.

Nikajaza. Salamu: hapana. Tabasamu: hapana. Huduma ya ziada: hapana. Sikumhurumia hata kwa nusu alama, kwa sababu hayo ndiyo yaliyotokea. Chini, kwenye nafasi ya maelezo, nikaandika kwamba kaunta tatu zilikuwa zimefungwa muda wote niliokuwa mle, na kwamba keshia alikuwa akiacha kaunta kufuata saini.

Kesho yake mhariri wa ripoti akanipigia kutoka Dar. Mpole sana, ananiita "dada yangu". Ripoti ni nzuri, imeandikwa vizuri, ila niitoe ile sehemu ya kaunta. Kwa nini? "Mteja amelipia kupimiwa wahudumu, hajalipia kupimiwa uongozi. Na ukiiacha, ripoti itarudishwa, malipo yatachelewa." Nikamuuliza, yale matatu ya hapana yanabaki? Yanabaki.

Tumwelewe mhariri, kwa sababu ana nusu ya hoja. Kazi yangu si kuishauri benki. Kama ningeandika "uongozi wa tawi hili haujali wateja", angekuwa na haki ya kufuta, hayo ni maoni yangu na hakuna aliyeyaagiza. Ndiyo maana tunafundishwa kutoandika "hakunijali" bali "aliongea na simu yake kuanzia saa nne na dakika 12 hadi na dakika 16". Lakini idadi ya kaunta zilizofungwa si maoni. Inahesabika kama dakika zinavyohesabika. Ukifuta hesabu moja na kuacha nyingine, kila sentensi iliyobaki ni ya kweli na ripoti nzima ni ya uongo: atakayeisoma ataona binti mwenye kisirani kwenye benki isiyo na tatizo lolote. Na pale alama hizi zinapoamua bonasi ya mwaka, au barua ya onyo, barua hiyo itakwenda kwake.

Niliacha maelezo yangu kama yalivyo, nikamwandikia mhariri kwamba akitaka kuyatoa ayatoe yeye, kwa jina lake. Sijui kilichomfikia mwenye benki.

Shinikizo hili lina upande wa pili, nao unasemwa kwa sauti ya chini zaidi. Unapewa kazi, halafu msimamizi anaongeza, "Yule wa mapokezi mwangalie vizuri, kuna malalamiko." Hakukwambia uandike vibaya. Lakini ukifika pale Arusha, karibu na Mnara wa Saa, unamtazama dada wa mapokezi kama mtuhumiwa, na mtu akitazamwa hivyo kwa nusu saa atakosea tu. Kazi ya namna hiyo siku hizi naikataa haraka kuliko ya ndugu.

Wala hili si la Watanzania peke yetu. Kazi yenyewe ilipata sura yake Marekani, na lengo la mwanzo lilikuwa kuwanasa wafanyakazi wanaochomoa fedha za mwajiri. Imezaliwa ikimtazama mtu wa kaunta, na macho yake hayajapanda sana tangu wakati huo. Mwaka 2016 benki ya Wells Fargo ya huko ilitozwa faini ya dola milioni 185 baada ya kubainika kwamba wafanyakazi walikuwa wakifungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba, ili wafikie malengo waliyowekewa. Wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wameshafukuzwa, wengi wao wa ngazi za chini. Mkuu wa benki, John Stumpf, aliondoka Oktoba ya mwaka huohuo, baada ya kelele za bungeni kwao. Ukiwa mtu wa malengo ya mwezi, iwe ni kufungua akaunti au kutabasamu, unajua jinsi namba inavyopikwa: anayeipika yuko chini, anayeiagiza yuko juu, na jina linaloandikwa kwenye barua ni la mpishi.

Kuna wenzangu wanaosema nakuza mambo, hii ni kazi ya kujikimu, andika wanachotaka uendelee. Nawaelewa, ada ya ripoti moja wakati mwingine haifiki bei ya kuku. Ila mtu huyohuyo ukimwambia kijana wa sheli alimpa mteja wa siri elfu kumi, atakasirika na kusema mla rushwa afukuzwe. Elfu kumi ya kijana na malipo "yatakayochelewa" ya ofisi yanafanya kazi ileile kwenye ripoti. Tofauti ni kwamba ya pili inakuja kwa barua pepe yenye nembo.

Ninachotaka kampuni hizi zifanye ni vitu vya kawaida kabisa. Fomu iulize wahudumu wangapi walikuwepo na sehemu ngapi za huduma zilikuwa wazi, mbele kabisa, kabla ya tabasamu. Ripoti ya mwanzo ihifadhiwe kama ilivyotumwa, na mhariri akifuta kitu, mnunuzi aone kimefutwa na nani. Mteja wa siri asijulishwe malalamiko kabla ya kwenda. Na tulipwe kwa kwenda na kuandika, siyo kwa ripoti kupendwa. Ikikataliwa kwa sababu nimesahau risiti, hilo langu, lakini ikikataliwa kwa sababu nimehesabu kaunta, ada yangu iko palepale, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi Bomang'ombe.