Mgeni wa Bara, Mji wa Watamu na Hesabu ya Januari

Kila Desemba, shule zikishafungwa na ofisi za Nairobi zikianza kulegeza kazi, barabara ya kutoka Gede kuingia Watamu, mji wa pwani katika kaunti ya Kilifi, hujaa magari ya wageni wa bara yaliyosafiri usiku kucha, vioo vyake vikiwa bado na vumbi la Mtito Andei. Wengine hufika Mombasa kwa treni, wakapanda matatu, wakaivumilia foleni ya Mtwapa, wakateremka Gede na kumalizia safari kwa tuktuk. Huja na watoto, na mabegi, na mara nyingine na sufuria zao. Kabla hata hawajafungua mabegi hayo, mji unakuwa umeshawatolea hukumu: wana kelele, hawajui kuvaa, wanapandisha bei, wanaacha taka, na juu ya yote hayo hawatoi pesa kama Mzungu.

Hukumu hiyo husikika barazani, husikika kwa wenye hoteli, na husikika hata kwa vijana wa mashua ambao kipato chao cha mwezi huo kinatoka mifukoni mwa watu haohao wanaowasema. Si hukumu ya uongo, na anayeitupilia mbali kwa kudai kwamba ni chuki tu ya watu wa Pwani dhidi ya watu wa bara hajakaa Watamu mwezi wa Desemba. Ila imesemwa kwa upande mmoja kwa muda mrefu mno, na imesimama juu ya kipimo ambacho, kila nikikitazama, naona kinapima mapato ya hoteli kuliko maisha ya mji.

Wanaolalamika wapewe haki yao kwanza. Watamu si Mombasa. Kiini chake ni kijiji cha wavuvi, nyumba zikiwa zimebanana karibu na bahari, na kutoka mlango wa msikiti hadi mlango wa baa si mwendo wa kumchosha mtu. Mtu wa Nairobi aliyelipia nyumba kwa siku tano huzihesabu siku zake kwa saa, na muziki ukizimwa saa sita za usiku huona amedhulumiwa. Jirani yake ni mvuvi anayeamka kabla ya alfajiri. Mwanamke anayetoka ufuoni na vazi la kuogelea akapita katikati ya kijiji kununua maji dukani hakukusudia kumvunjia mtu heshima, lakini mzee aliyeketi na wajukuu zake hana namna ya kuyajua makusudio yake. Maji ya bomba, ambayo chanzo chake ni visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, hutakiwa yatosheleze nyumba zilezile zilizokuwa na watu wanne na sasa zina kumi na wawili. Na bahari ikipwa, watu hutembea juu ya miamba ya hifadhi ya bahari, iliyotengwa tangu mwaka 1968, wakiokota viti vya pweza, wale wanyama wa baharini wenye umbo la nyota, na kuwanyanyua juu ya maji ili wapigwe nao picha, bila kujua kwamba mnyama huyo huweza kufa kwa kutolewa majini. Hayo yote hutokea, na aliyeyachoka ana sababu.

Hata hivyo, lalamiko ninaloliona zito kuliko yote ni la samaki, na hili halistahili kupitwa haraka. Desemba ni mwanzo wa kaskazi. Bahari iliyokuwa ikichafuka wakati wa kusi imetulia, maji yameng'aa, mwani uliokuwa ukirundikana ufuoni umepungua, na vyombo vidogo vinaweza kuvuka mwamba vikaenda mbali. Kwa hesabu ya wazee, huu ndio wakati kitoweo kinapokuwa rahisi. Badala yake, ndio wakati mwenyeji anapokwenda kutafuta samaki akarudi na habari ya bei. Nguru, jodari, kamba, hata changu wa kujaa sahani ameshachukuliwa na tajiri, yule mnunuzi mkubwa anayemkopesha mvuvi nyavu na mafuta ili awe na haki ya kwanza juu ya kinachovuliwa. Na tajiri naye ameshawaahidi wapishi wa hoteli na wa nyumba za kupangisha. Wanaobaki ni tafi na pono wadogo, ambao ndio mtaji wa mama karanga, mwanamke anayenunua samaki wadogo chombo kinapofika, akawakaanga na kuwauza jioni kijijini. Mwezi huu hata yeye hushindana na mgeni aliyeteremka ufuoni na mkoba wake kununua mwenyewe.

Hoja hii ina nguvu, lakini ukiifuata hadi mwisho haimfikii mshtakiwa tunayemtaka. Mvuvi naye ni mwenyeji. Miezi ya kusi ilimkuta akishinda pwani akitengeneza nyavu na kula kwa deni, na deni hilo hulipwa kaskazi inapovuma. Kama ongezeko la bei linaishia kwa tajiri bila kumfikia mvuvi, basi kasoro iko katika makubaliano yao wawili, ambayo hayakuanzishwa na mgeni wa bara, na ambayo yatakuwepo Februari mgeni huyo akiwa ameshasahau jina la kijiji. Tena yule mwenye mkoba tunayemlaumu ni miongoni mwa wanunuzi wachache wanaomfikia mvuvi bila mtu wa kati, ingawa mvuvi mwenye deni hana uhuru wa kumuuzia kila anachotaka. Mama karanga mwenyewe ukimuuliza Desemba ikoje, atalalamikia bei ya kununulia huku sinia lake likiwa tupu kabla ya Isha, kwa sababu vijana kutoka Nairobi humla tafi wa kukaanga wakiwa wamesimama, kwa mikono, na ndimu na pilipili, jambo ambalo mgeni aliyelipiwa chakula cha jioni hotelini hana haja nalo. Anayeumia hasa ni mwenyeji asiye na kitu cha kumuuzia mgeni: mwalimu wa shule ya msingi, mjane anayesubiri kutumiwa pesa, mlinzi wa mshahara. Huyo Desemba humpa bei ya juu na kelele tu, na sijaona mtu aliyempatia jibu.

Sasa tukirudi kwenye kipimo. Inasemwa kwamba mgeni mmoja kutoka Italia ana thamani ya wageni watano wa bara, na kwa matumizi ya siku huenda ni kweli. Lakini watalii wengi wa kigeni wanaokuja kwa vifurushi wamelipia ndege, kitanda, chakula na vinywaji vyote huko kwao kabla hawajafunga mabegi. Kinachofika Watamu hufika kwa njia ya mishahara ya hoteli, ununuzi wa mboga na samaki, kodi, na bakshishi. Si haba, na mamia ya familia zimesomesha watoto kwa mishahara hiyo. Lakini ni pesa inayopita katika milango michache, na mwenye mlango ndiye anayeamua kiasi gani kitoke.

Mgeni wa bara hulipa palepale, na hulipa kwa simu. Hili dogo lina uzito ambao wachumi wetu wa barazani hawaupi nafasi. Muuza madafu, mwenye viazi karai, msusi, dereva wa tuktuk, mama anayepangisha chumba cha uani, wote wana nambari ya M-Pesa, na mgeni wa bara anayo pia. Pesa hutoka kwake ikaingia kwao bila kupitia kwa keshia wa mtu yeyote. Mwanamke aliyekuja na suruali zake za Nairobi hununua dera siku ya pili, kwa sababu ya joto na kwa sababu kila mwenzake amenunua, na akirudi hubeba leso za kuwapa zawadi nyumbani. Dereva wa tuktuk ambaye Mei anahangaika kutimiza hesabu ya mwenye chombo, Desemba huimaliza hesabu hiyo adhuhuri, na cha jioni kikawa chake. Tusidhani pia kwamba mgeni huyu amekuja bure: tangu Januari 2024 tikiti ya daraja la kawaida ya treni kutoka Nairobi hadi Mombasa ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, kwa hiyo vijana wanne huwa wameshatumia 12,000 kwenda na kurudi kabla ya kununua hata soda. Wanaobeba sufuria zao wana sababu zao.

Na pesa hiyo ya Desemba haiishii Desemba. Januari, mwezi ambao Wakenya tumeuita Njaanuari, shule hufunguliwa na karo hudaiwa. Huwezi kukuta katika ripoti yoyote ya utalii safu inayoonyesha sare iliyonunuliwa kwa pesa za madafu, wala mchango wa chama cha akina mama uliolipwa kwa siku nne za kupangisha chumba, na nadhani hapo ndipo kipimo chetu kinapotupotosha: kitanda cha hoteli huhesabiwa, lakini chumba cha uani hakihesabiwi, na aliyelala uani anaonekana kama hakuja.

Kuna historia pia, na si ya mbali. Mei 2014, Serikali ya Uingereza ilipowaonya raia wake dhidi ya kwenda Mombasa na sehemu ya ufuo wa karibu isipokuwa kwa dharura, mamia ya watalii waliokuwa likizoni walirudishwa kwao kwa ndege, na biashara ya Pwani nzima ikayumba. Kisha ikaja korona. Mwaka 2019 Kenya ilipokea wageni wa kimataifa takriban milioni 2. Mwaka 2020 hawakufika hata laki 6. Kaunti ya Kilifi ilifungwa kwa watu kuingia na kutoka tangu Aprili mwaka huo hadi Juni, na ndege za kimataifa hazikuruhusiwa tena hadi tarehe 1 Agosti. Desemba ya 2020 ilitukuta na amri ya kutotoka nje kuanzia saa nne za usiku, barakoa usoni, na hakika ndogo ya kesho. Waliokuja ni hawa wageni wa bara. Walikula chakula cha jioni mapema, wakarudi vyumbani saa nne kama watoto wa bweni, na sikumsikia mtu mwaka ule akisema kwamba mmoja wao ni sawa na sehemu moja ya tano ya Mtaliano.

Nisije nikamwonea mgeni wa kigeni kwa kumtetea mwingine. Waitaliano wamekuwa sehemu ya pwani hii kwa miongo mingi, tangu siku za kituo cha Waitaliano cha kurushia roketi kule Ngomeni, na si ajabu kumkuta kijana wa Watamu anayezungumza Kiitaliano kilichonyooka kuliko Kiingereza chake cha shule. Wapo wageni wanaorudi kila mwaka, wanaokaa majuma badala ya siku, waliosomesha watoto wasio wao. Wachongaji wa vinyago na wanaowaongoza wageni kupiga mbizi baharini wangefunga kazi kama wangemtegemea mtu wa Nairobi, ambaye kinyago hakimvutii na ambaye mara nyingi huogelea kwa kushikilia ubavu wa mashua. Mji unawahitaji wote wawili. Ninachokataa ni kwamba mmoja apokewe kama mgeni na mwingine kama msiba wa kila mwaka.

Kwa sababu ukizichambua kasoro za mgeni wa bara, nyingi ni kasoro zenye tiba iliyo mikononi mwetu. Plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi na fuo zilizolindwa tangu tarehe 5 Juni 2020; chupa anayoingia nayo mgeni ufuoni inapita mbele ya macho ya watu wenye mamlaka ya kuizuia. Kiti cha pweza, mara nyingi, hakuokotwa na mgeni: aliyezamisha mkono akamtoa ni kijana wetu wa mashua, anayejua pa kumpata na anayejua kwamba picha nzuri huleta bakshishi nzuri. Na kama tunataka kuhesabu madhara ya matumbawe, basi joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya kwa miezi michache, wala hapakuwa na mgeni wa Desemba aliyelisababisha. Muziki nao una mwenye nyumba na mwenye baa nyuma yake, na wengi wao wana anwani ya hapahapa.

Suala la heshima kwa ibada ndilo lisilo na tiba ya kanuni peke yake, na linakaribia kupata mtihani wake. Kwa hesabu za kalenda ya Kiislamu, mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja Januari na nyingine ikianza siku za mwisho za Desemba, na kwa miaka miwili itakayofuata Krismasi na Mwaka Mpya vitaangukia ndani ya mwezi wa mfungo. Usiku wa fataki utakuwa usiku wa tarawehe. Muuza viazi karai atatakiwa aamue kama atauza mchana kwa mgeni au atafunga hadi magharibi. Mwenye baa na imamu watakuwa na saa zilezile za kazi. Mgeni atashangaa kwa nini mama aliyemkodishia chumba hapiki asubuhi. Mkutano wa kuyapanga hayo, wakiwemo wazee wa msikiti, wenye nyumba, wenye baa na vijana wa mashua, ungefaa uitwe mapema, tena uitwe wiki ya mwisho ya Desemba, mgeni mwenyewe akiwa mjini na anaweza kuulizwa.