Kamera ya mikokoni isibebeshwe kazi ya kompyuta

Msimu wa kusi uliopita tulifunga kamera tatu zisizo na waya kwenye mikoko ya Mikindani, Mombasa, kando ya hori la Tudor, ili kikundi kinachopanda miche kiwaone wanaoingia alfajiri kukata miti. Kila kamera ilikuwa na betri ndogo na sola ya ukubwa wa daftari. Siku ya tatu zote zilikuwa zimezima.

Kosa lilikuwa langu. Nilizipangia zibane video, yaani ziipunguze ukubwa kabla ya kuituma, kwa H.264, kiwango cha mwaka 2003, kwa kuwa ndicho nilichokizoea. Njia hiyo hulinganisha fremu na fremu, yaani picha moja ya video na inayoifuata: kilichotulia hakitumwi tena, kilichosogea hutafutwa kimehamia wapi. Kutafuta huko ndiko kunakomaliza chaji. Sasa mikokoni nini kimetulia? Kusi likivuma kila jani linacheza, maji yanametameta, kaa wanatoka na kuingia matopeni. Prosesa ile maskini ilikuwa ikifukuza majani kutwa nzima.

Kutuma bila kubana nako hakufai. Picha ndogo ya kijivu ya pikseli 320 kwa 240, kila pikseli biti 8, ni biti 614,400. Redio za vihisi za kiwango cha 802.15.4 kwa kawaida hupitisha kilobiti 250 kwa sekunde, tena hapo hakuna kinachopotea njiani. Picha moja ingechukua karibu sekunde mbili na nusu.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi nzito ifanywe na kompyuta ya nchi kavu, penye umeme. Wataalamu wa nadharia ya habari, Slepian na Wolf, walithibitisha mwaka 1973 kwamba data zinazofanana zinaweza kubanwa kila moja peke yake na bado zikapungua kama zilizobanwa pamoja, mradi zifunguliwe kwa pamoja. Wyner na Ziv wakaliendeleza wazo hilo mwaka 1976. Kamera zinazofuata wazo hilo hufanya kazi nyepesi. Kwa kubana bado ziko nyuma ya H.264, nakiri, na nyingi hutaka mawasiliano ya kwenda na kurudi kati ya kamera na kompyuta.

Kwa hiyo tumerudi kwenye JPEG, kila fremu ikijitegemea. Pakiti ya data ikipotea kwa kuwa majani yaliyolowa yamezuia redio, inaharibika picha moja tu, haivurugi zinazofuata. Mzee wa kikundi aliniambia, “Mwanangu, sisi twataka kuona panga, sinema hatuna haja nayo.”

Picha ya juzi ina madoa ya chumvi kwenye kioo na majani yamevurugika. Mpini wa panga unaonekana.