Mtoto wa nyumbani na swali la Ijumaa

Ukitaja kusomesha watoto nyumbani nchini Kenya, mazungumzo hukimbilia mambo mawili: sheria na marafiki. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto ameandikishwa shuleni na anahudhuria. Wazazi wa upande wa pili hujibu kwamba kifungu cha 53 cha Katiba kinazungumzia elimu, na elimu si jengo. Kuhusu marafiki, kila mtu ana binamu wa kutolea mfano. Lisiloulizwa ni hili: mtoto akikaa mezani na mama yake saa tatu asubuhi, kinachoingia kichwani kinakaa?

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vifupi vya habari. Kundi moja lilisoma kifungu kwa vipindi vinne mfululizo. Jingine lilisoma kwa kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likaandika yote lililoyakumbuka bila kukitazama. Kwa waliopimwa baada ya dakika tano, wasomaji wa mara nne walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Mtu angefunga kesi hapo hapo. Lakini kwa waliosubirishwa wiki moja, waliosoma tu walibaki na asilimia 40. Waliojiuliza walikuwa na 61.

Wengi hushangilia ile 61. Mimi inayonisumbua ni ile 83, kwa sababu ndiyo tunayoiona kila siku. Mzazi anaeleza namna ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, mtoto anafanya maswali sita, yote yanapata tiki, kitabu kinafungwa, wanahamia sayansi. Mzazi haongopi akisema mtoto ameelewa, ameona kwa macho yake. Alichoona ni alama ya dakika tano. Wala mtoto mwenyewe hawezi kumzindua: katika jaribio lile, waliosoma mara nne ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka.

Mwalimu mwenye watoto 60 darasani hudanganywa na alama hiyohiyo, ila yeye hana nafasi ya kujinasua. Silabasi inamsukuma mgongoni, hawezi kumrudia kila mmoja siku ya Ijumaa na kumwuliza ya Jumatatu. Mzazi anaweza. Hii ndiyo hoja ya elimu ya nyumbani niliyo tayari kuitetea mbele ya yeyote, na ajabu ni kwamba siyo inayotumika kuinadi. Kinachonadiwa ni uhuru: mtoto asome kwa mwendo wake, bila mitihani, kwa mtindo wake, awe wa kuona, wa kusikia au wa kugusa. Hiyo mitindo, Harold Pashler na wenzake waliupitia ushahidi wake mwaka 2008 wasikute wa kutosha kuhalalisha kuwagawa wanafunzi hivyo. Anayekuuzia mtaala kwa hoja hiyo anakuuzia hewa.

Mitihani nayo ina mtego wake. Wazazi wengi humtoa mtoto shuleni kwa kuichoka, wala siwalaumu. Ila kinachomwumiza mtoto ni alama, nafasi yake darasani na jina lake kusomwa mbele ya wenzake. Kuulizwa swali na kulitafutia jibu kichwani ni jambo jingine kabisa. Ukiyatupa yote pamoja, umeng'oa magugu na mahindi.

Mwambao hili si geni. Mtoto wa chuoni, yaani madrasa, hukaa mbele ya mwalimu, msahafu umefungwa, akasoma sura kwa ghibu. Kesho hupewa aya mpya, lakini za jana na za juma lililopita hazijaachwa, lazima azidurusu. Baadaye tukaligeuza neno kukariri likawa tusi. Kukariri bila kuelewa ni hasara, kweli. Kuelewa kisha kusahau nako si faida.

Nyumbani hili halihitaji vifaa. Dakika kumi kila asubuhi, madaftari yamefungwa: maswali mawili ya jana, mawili ya wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita, yamechanganywa. Kuchanganya huko kunauma. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor waliwafundisha wanafunzi wa chuo kutafuta ujazo wa maumbo manne. Wakati wa mazoezi, waliofanya umbo moja moja walipata asilimia 89, waliochanganyiwa 60. Wiki moja baadaye wa kwanza walipata 20, wa pili 63. Sasa mfikirie mzazi anayetazama ile 60 mezani kwake asubuhi. Ataona mtoto hawezi, atabadilisha kitabu.

Upande wa shule una ya kusema. Waliopimwa hapo juu ni watu wazima, si watoto wa miaka saba, ingawa mapitio ya John Dunlosky na wenzake ya 2013 yaliweka kujipima na kurudia somo kwa kupisha siku juu ya mbinu nyingine nane za kujifunza, kwa sababu, pamoja na mengine, husaidia watu wa umri mbalimbali. Wapenzi wa elimu ya nyumbani nao hupenda kumtaja Benjamin Bloom, aliyeandika mwaka 1984 kwamba mwanafunzi wa kawaida mwenye mwalimu wake peke yake aliwapita asilimia 98 ya wanaofundishwa darasani. Tafiti za baadaye zimepata faida ndogo kuliko hiyo, na wale walikuwa walimu walioandaliwa, si mama mwenye sufuria jikoni.

Zito zaidi ni mzazi asiyejua kwamba jibu ni la kosa. Swali bila masahihisho humfanya mtoto azoee kosa lake. Zaidi ya hayo, meza ile kwa kawaida ni ya mama, na nyuma yake kuna mshahara ulioachwa. Tena kuna mtoto asiyeonwa na mtu wa nje: mara nyingi mwalimu wa shule ndiye wa kwanza kuona alama ya kipigo au njaa. Hapo sayansi ya kumbukumbu haina neno, na serikali ina haki ya kutaka kujua yuko wapi. Haki hiyo itoshe kuandikisha familia hizi na kuzitembelea, si kumfungulia mzazi mashtaka.

Afisa wa elimu akibisha hodi, asiombe daftari la leo. Amwulize mtoto aliyoyasoma miezi miwili iliyopita, kitabu kikiwa kimefungwa. Akitoka hapo, apitie shule ya jirani na swali lilelile.