Namba ya gari isome, jina langu liache

Uingereza ukizidisha muda kwenye maegesho ya duka, kamera inanasa namba ya gari lako, basi. Kampuni inayosimamia maegesho hayo ni ya mtu binafsi, haikujui wala haijui unakoishi. Kwa hiyo inaipeleka ile namba DVLA, idara ya serikali iliyoko Swansea inayosajili magari, inalipa pauni 2.50, na inapewa jina na anwani ya mwenye gari. Haichukui muda barua ya madai imefika nyumbani. Maombi ya aina hiyo ni mamilioni kila mwaka. Idara inajitetea kwamba ada hiyo ni ya kufidia gharama tu, haifanyi biashara.

Shemeji yangu anayeishi Leicester alinitumia picha ya barua ya namna hiyo, kachukia kiasi cha deni. Mimi kiasi sikukijali sana, nilibaki naangalia jina lake kamili na namba ya nyumba yake.

Tusiwaonee Waingereza. Kampuni haipewi taarifa kienyeji: lazima iwe mwanachama wa chama kinachotambuliwa, na iwe na sababu ya msingi ya kuomba. Na hili lina historia yake. Zamani kampuni hizi zilikuwa zinafunga tairi kwa chuma mpaka ulipe. Tangu Oktoba 2012, sheria imepiga marufuku mtindo huo kwenye viwanja vya watu binafsi huko England na Wales, lakini sheria hiyohiyo ikazipa kampuni nguvu ya kumdai mwenye gari aliyesajiliwa endapo dereva hajulikani. Kwa maneno mengine, serikali iliwanyang'anya mnyororo ikawapa jina. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaongeza uzito: katika kesi ya kampuni ya ParkingEye, mtu aliyepitiliza karibu saa nzima kwenye maegesho ya bure ya saa mbili mjini Chelmsford alitakiwa kulipa pauni 85, na majaji wakasema ni halali.

Sawa, deni ni halali. Aliyeegesha alipe. Ninachogombana nacho ni mpangilio: anayekutuhumu ndiye anayepokea pesa, na anapewa jina lako kabla mtu mwingine yeyote hajaangalia kama tuhuma ina ukweli. Ukishinda rufaa, sawa, hulipi. Jina lako limeshakwenda.

Sasa njoo Kigoma. Hapa hakuna haja ya kamera, kuna daftari la getini. Nenda hoteli yoyote yenye ukumbi wa semina, nenda hospitali, nenda sehemu unakoacha gari unaposhuka Kibirizi kupanda boti ya Kagunga. Mlinzi anakuletea daftari la mistari lenye safu zake: namba ya gari, jina, namba ya simu, unakotoka, unayekwenda kumwona, saa, sahihi. Kalamu imefungwa kwa uzi. Unapoandika yako, unasoma za wote waliokutangulia tangu asubuhi, na atakayekuja nyuma yako atasoma yako. Binamu yangu aliandika namba yake getini, na kabla jua halijazama alikuwa ameshapata ujumbe wa "mambo, nilikuona leo na ile IST nyeupe". Hakujua aliyemtumia ni mlinzi au mgeni mwenzake. Daftari likijaa linaishia wapi? Nimeshafungiwa karanga kwa karatasi zenye majina na saini za watu, kwa hiyo jibu moja ninalo.

Nikilalamika naambiwa nimekuwa mzungu. Kigoma hii nani hajui gari la nani? Kweli, pale Mwanga ukipaki Noah yako nje ya duka, watu watatu watamwambia mkeo kabla hujafika nyumbani. Umbea huo nimezaliwa nao na sina ugomvi nao, maana anayenisema namjua na mimi naweza kumsema. Mwenye daftari simjui, na daftari halisahau. Ni orodha inayoonyesha nani alikuwa wapi, saa ngapi, anapatikana kwa simu gani. Anayetaka kukufuatilia, iwe mdai wako, mume uliyemkimbia au tapeli wa "tuma kwa namba hii", hahitaji zaidi ya hapo.

Na sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake Rais aliizindua Aprili 2024. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili, aseme anazikusanya kwa kazi gani, na asizitumie kwa kazi nyingine. Sheria haikusema kompyuta tu. Daftari la safu zilizopangwa nalo, kwa ninavyoisoma, limo. Ila mlinzi wa getini nani kamwambia? Yeye kapewa daftari na bosi, akaambiwa kila gari liandikwe.

Swali la maana ni hili: kuegesha kunahitaji nini? Namba ya gari, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Kwisha. Faini za trafiki na madeni ya maegesho ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tayari yanatafutwa kwa namba ya gari na kulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Deni linalishika gari, na gari halina pa kujificha. Kwetu hapa jina hata lingetolewa lingeweza kumfikia asiyehusika, kwa sababu magari mengi tunayoendesha kadi zake bado zina jina la aliyeuza. Mtu kauza gari lake Kasulu, limepita mikono miwili, leo lilale Kigoma mjini kwa deni, halafu mpiga simu wa kampuni amtishe yule wa Kasulu? Si mfano wa kubuni sana huo. Waliowahi kuchelewa kubadilisha umiliki wanaujua usumbufu wake.

Reli ya kisasa inajengwa kutoka Tabora kuja huku. Stesheni itakuja na uwanja wa magari, na uwanja utapewa mzabuni, kwa kamera au kwa vijana wenye mashine. Mkataba wa hapo ndio pa kubana. Kampuni isome namba ya gari na iwasilishe deni. Serikali ndiyo imjulishe mwenye gari kwa njia zake yenyewe, bila kumpa mzabuni jina wala simu. Mwenye gari akipinga, aamue mtu asiye na fungu kwenye makusanyo. Na kumbukumbu za gari lisilodaiwa zifutwe ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkataba, sio "zitahifadhiwa".

Mpaka hapo, mimi getini najaza safu ya namba ya gari na ya saa, zilizobaki napiga mstari. Walinzi wengi hawana neno. Akitokea anayeng'ang'ania simu, namwomba aniitie meneja, nimuulize kama wamejisajili kwenye Tume.