Arusha Mjini, jimbo la wakuu wa mikoa

Mama yangu hana chama, ana sanduku. Lile la bati la chini ya kitanda, na humo ndani kuna kila kitu kilichowahi kugawiwa kwenye kampeni hapa Chuga, yaani Arusha, kanga ya kijani ya 2010, kofia ya njano, fulana ya kombati ya CHADEMA ambayo saa hizi imeshakuwa tambara la kudekia. Juzi nlikuwa namsaidia kupanga, kila nguo anainyanyua anaiweka karibu na miwani anasoma jina, na mi nikawa namkumbusha huyu alikuwa nani na sasa hivi yuko wapi. Tulipofika katikati nikagundua kitu ambacho sijui kwa nini sikuwahi kukiona miaka yote hii. Wengi kati ya waliowahi kulitaka jimbo hili kwa nguvu, ama waliishia kuwa wakuu wa mikoa ama walianzia hapo.

Ngoja nianze mbali kidogo. 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Mwalimu Nyerere anazunguka nchi nzima kumnadi Mkapa wa CCM, huku Arusha Mjini mwanae wa kumzaa, Makongoro, anagombea ubunge kwa NCCR-Mageuzi na anashinda! Kwa nlivyokuwa mdogo wakati ule nakumbuka kelele tu. Baadaye mahakama ikautengua ubunge wake, CCM ikalirudisha jimbo, akaja Felix Mrema akakaa mpaka 2010. Hiyo miaka ya Mrema siiongelei sana, siasa zilikuwa zimelala. Makongoro alirudi CCM na miaka mingi baadaye akateuliwa mkuu wa mkoa, Manyara, jirani zetu kabisa hapo.

Sasa 2010 ndo mji ulichizika. Godbless Lema wa CHADEMA na Dk. Batilda Burian wa CCM, Batilda akiwa waziri mwenye jina kubwa, Lema akiwa chalii wa mtaani anayejua kuongea lugha ya Unga Limited na Ngarenaro. Lema akapata kura kama elfu 56, Batilda elfu 37. Ile kanga ya kijani ya mama ni ya msimu huo huo, na mama anakiri kabisa kwamba alivaa kanga ya Batilda akaenda nayo kumpigia Lema. Batilda akaenda ubalozi, akarudi, akawa mkuu wa mkoa wa Tabora halafu Tanga. Huyo wa pili.

Ila kushinda ubunge kulikuwa ni mwanzo tu wa balaa, maana ikaja ishu ya meya. Katibu wa CCM wa mkoa, Mary Chatanda, alikuwa mbunge wa viti maalumu kupitia Tanga lakini akapiga kura ya kumchagua meya kwenye baraza la madiwani la Arusha, CHADEMA wakasema hiyo haiwezekani. Tarehe 5 Januari 2011 wakaandamana, polisi wakafyatua risasi, watu watatu wakafa. Siku hiyo nlikuwa na mama kwenye meza yake ya mitumba, tukafunga mzigo kwenye shuka tukakimbia, macho yanawaka kwa mabomu ya machozi, mama analowesha kanga kwenye ndoo ya muuza juisi anajifunika uso. Yule muuza juisi alitaka kulipwa, mpaka leo tunacheka.

Alafu Aprili 2012 Mahakama Kuu ikamvua Lema ubunge kwa sababu ya lugha ya kampeni dhidi ya Batilda. Tukakaa miezi nane bila mbunge. Desemba Mahakama ya Rufani ikamrudisha, hoja ikiwa kwamba wale wapiga kura watatu waliofungua kesi hawakuwa na haki ya kuifungua kwa sababu haki zao wenyewe za kupiga kura hazikuguswa. Mi sio mwanasheria ila nliona ina mantiki, kama kuna mtu alitukanwa si angeenda mwenyewe? Mwaka uliofuata, 15 Juni 2013, CHADEMA wanafunga kampeni za udiwani pale viwanja vya Soweto, bomu likarushwa kwenye mkutano, watu wanne wakafariki. Uchaguzi wa zile kata nne (Elerai, Kaloleni, Kimandolu na Themi) ukasogezwa mbele, ulipofanyika CHADEMA ikazibeba zote. Watu walikuwa na hasira, bana.

2015 hata kura ya ubunge hatukupiga na wenzetu, mgombea wa ACT-Wazalendo alifariki kwa hiyo tukasubiri mpaka 13 Desemba. Magufuli keshaapishwa, nchi nzima imeshasahau mambo ya uchaguzi, sisi bado tuko foleni, na Lema akamshinda Philemon Mollel karibu mara mbili, elfu 68 kwa elfu 35. Safari hii CHADEMA wakapata na meya wao, Kalisti Lazaro. Huyu baadaye alihamia CCM akapewa ukuu wa wilaya, Lushoto. Sio mkoa lakini ni ukoo ule ule.

Na hapa ndo mambo yanapogeuka. Mpaka hapo ukuu wa mkoa ulikuwa kama kifuta jasho, umegombea, umekosa au umechoka, unakumbukwa. Kuanzia 2016 ukawa ndo sehemu ya kuanzia kampeni. Mrisho Gambo akateuliwa mkuu wa mkoa wa Arusha, na kuanzia siku za mwanzo ni yeye na Lema, kila shughuli ya serikali wanagombana mbele ya kamera. Novemba mwaka huo Lema akakamatwa kwa maneno aliyosema kuhusu Rais, akakaa mahabusu miezi minne akipigania dhamana tu, akatoka Machi 2017. Juni 2020 Gambo akatenguliwa, miezi michache baadaye ndo mgombea wa CCM, anatangazwa kwa kura elfu 82 na Lema elfu 46. Lema alikataa matokeo, mwezi uliofuata akakimbilia Kenya na kutoka huko Canada, akarudi Machi 2023.

Gambo bungeni alikuwa sio mbaya, niseme ukweli, alikuwa anauliza maswali makali kuhusu hela za jiji. Lakini 2024 akaletwa Paul Makonda kuwa mkuu wa mkoa, na kijiweni kwetu hakuna aliyehitaji kuambiwa kinachofuata. Huyu alishajaribu 2020, aliacha ukuu wa mkoa wa Dar akaenda kuomba ubunge wa Kigamboni, kura za maoni zikamkataa. Arusha akaja na mtindo mwingine, kliniki za kero, tamasha la Land Rover, na ile kambi ya matibabu ya bure Juni 2024 pale Sheikh Amri Abeid. Mama alienda, alipanga foleni toka saa kumi na moja alfajiri na kiti chake cha plastiki, akarudi na miwani. Miaka sita alikuwa anasoma SMS kwa kunipa mi simu. 2025 jina la Gambo likakatwa ndani ya chama, Makonda akapita, na CHADEMA haikuwepo kwenye karatasi kabisa maana Aprili walishaenguliwa kwa kutosaini kanuni za maadili. Oktoba akawa mbunge.

Sasa niambie, wewe mgombea wa kawaida una spika ya kukodi na Noah moja, unashindana vipi na mtu ambaye mwaka mzima kabla ya kampeni alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya mkoa, ana msafara, ana kamera, na madaktari wa serikali wanakuja anapowaita? Hizo miwani zilitoka kwenye kodi yetu, ila mama akizivaa hakumbuki kodi, anakumbuka jina. Na simlaumu, anaona. Kwa mtazamo wangu mtu akishatoka ofisi ya mkuu wa mkoa akae pembeni miaka mitano kabla ya kugombea ndani ya mkoa ule ule. Mji una watu zaidi ya laki sita kwa sensa ya 2022, una mbunge mmoja tu, na bado huyo mmoja tunamchagua akiwa ameshatutawala.

Nlimwambia mama haya yote tukiwa tumekaa na lile sanduku. Akavua miwani, kumbe mkono mmoja umekatika kaufunga kwa uzi mweusi, akaifuta na kona ya ile kanga ya Batilda. Akaniuliza huyu mkuu wa mkoa wa sasa hivi hajasema kambi ya macho inakuja lini.