Maji Yetu Yamo Mchangani

Mwisho wa kaskazi, ule msimu wa joto na ukavu, nyumbani kwetu Lamu, hatuhitaji kuambiwa kwamba maji yamepungua. Chai hutwambia. Unatia sukari ile ile ya kila siku, unaonja, na chini ya utamu unakuta munyo, yaani chumvi. Mama akishaonja hivyo huinuka, akatenga mitungi miwili ya maji ya kunywa, akaifunika kwa kitambaa, na kuanzia hapo maji ya kisimani huwa ya kuogea na kuoshea vyombo tu. Hangoji tangazo la mtu. Nimemwona akifanya hivyo tangu utotoni, na kila nikisikia mikutano ya kujitayarisha kwa ukame namkumbuka yeye na mitungi yake.

Leo nina neno juu ya vilima vya mchanga vya Shela, kijiji cha hapa kisiwani. Wageni huvipiga picha, vijana wetu huenda kuvitelezea, lakini hilo ndilo tangi letu. Kisiwa hiki hakina mto. Maji ya mferejini yanayonywewa mjini huvutwa kutoka visima vilivyo penye vilima hivyo, mwendo wa kilomita 3 hivi kutoka mji wa kale. Mvua ikinyesha juu ya mchanga ule haikimbilii baharini. Inazama, inachujika taratibu, inatulia chini. Tena haitulii juu ya jiwe. Inaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kidogo kuliko ya chumvi.

Hapo pana hesabu ambayo ningependa kila mtoto wa skuli wa Lamu aijue. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini yake. Sasa igeuze. Ukivuta hadi juu pakashuka mita 1, chini chumvi huanza kupanda, na baada ya muda inaweza kupanda hizo 40. Pampu haikuonyeshi jambo hilo. Maji yanaendelea kutoka kama kawaida, mpaka siku moja yanatoka na munyo, na chumvi ikishaingia kisimani haiondoki kwa mvua ya usiku mmoja.

Ndiyo maana nikiona punda wanashuka na magunia ya mchanga wa vilimani kwenda kwenye ujenzi, roho inaniuma. Na nikiona msingi mpya umechimbwa juu kabisa, penye mandhari nzuri, inaniuma zaidi, kwa sababu nyumba ile itakuja na shimo la choo, na huenda na kisima chake na bwawa la kuogelea, vyote juu ya maji ninayokunywa. Vilima hivyo vimetengwa kisheria kuwa chanzo cha maji. Karatasi ipo. Lakini karatasi haisimami pale mchana kutwa kumzuia mtu. Nimeshawahi kuuliza katika ofisi moja mpaka wa eneo lile unapita wapi hasa, nikaambiwa nirudi wiki ijayo. Nilirudi mara tatu.

"Mchanga uko mwingi," huniambia wenzangu. Ni kweli, uko mwingi. Kisiwa cha Manda, jirani yetu, nacho kina mchanga.

Wanaoijua Manda wamenielewa. Ng'ambo ya mlango wa bahari pana magofu ya Takwa, mji uliostawi kuanzia karne ya 15, ukahamwa katika karne ya 17. Msikiti upo, ukuta upo, visima vipo. Miongoni mwa sababu zinazotajwa za watu kuondoka ni visima kuingia chumvi. Na walihamia wapi? Shela, ndivyo inavyosimuliwa, kwenye maji ya mchangani. Mpaka zama zetu hizi watu wa Shela wamekuwa wakivuka mara mbili kwa mwaka kwenda kwenye kaburi la mnara pale Takwa kuomba mvua. Mimi nimeketi kwenye dua hiyo. Unainua mikono, mbele yako pana mji uliokosa maji, na ukigeuza kichwa unaona ng'ambo vilima vinavyotunywesha. Sijui mahali pengine pwani hii panapoeleza jambo hili kwa uwazi namna ile.

Wenzetu wa kisiwa cha Pate hawana hata vilima hivyo. Wao wana jabia. Kwa msomaji wa bara: jabia ni birika kubwa la kukinga mvua, lina sakafu pana iliyosakafiwa kwa mteremko, maji yakateremkia ndani ya tangi la mawe lililofunikwa. Mjomba wangu anaishi Kizingitini. Katika ukame ule wa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020, nilikwenda kumtazama. Alinichukua hadi kwenye jabia la mtaa wao, akachovya ufito mrefu, akautoa, akapima palipolowa kwa mkono. Shubiri nne. Akanyamaza, nikajua anahesabu nyumba na siku.

Kisha akanionyesha sakafu. Ilikuwa na ufa wa upana wa kidole, umekata kutoka ukingo hadi karibu na mdomo wa tangi. Mvua chache zilizopata kunyesha zilipitia pale zikaingia ardhini. Pembeni palikuwa na vinyesi vya mbuzi, kwa kuwa ua ulikuwa umeanguka. Kwa macho yangu, mifuko mitatu ya saruji na fundi mmoja wangetosha. Badala yake mashua zilileta maji ya msaada kwa mafuta ya bei ghali, watu wakapanga foleni na mitungi, picha zikapigwa. Simlaumu aliyeleta maji, mwenye kiu hushukuru. Ninachosema ni kwamba fedha za kubeba maji hupatikana haraka, na fedha za kuziba ufa kabla ya mvua hazipatikani, mwaka baada ya mwaka.

Na usidhani bara ndiyo akiba yetu. Novemba 2023 mvua zilipokuja kwa kishindo, barabara ya Garsen inayotuunganisha na bara ilikatwa na mafuriko, magari yakakwama. Kwa hiyo ukame una shida yake na mvua nyingi ina shida yake. Mafuriko huchanganya maji ya vyoo na ya visima, na hapo kipindupindu hakiko mbali. Chemsha, tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, chota kwa kata safi yenye mpini. Haya tunayajua sote.

Tusilolifanya ni kukinga maji ya mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Bati la mita 6 kwa 10, mvua ya milimita 30 usiku mmoja, ni lita 1,800, yaani mitungi 90 ya lita 20. Kiwango cha chini kinachotumika wakati wa maafa ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Nyumba ya watu sita, ukitoa yale ya kwanza ya kuosha paa na yanayomwagika, imepata maji ya wiki mbili na zaidi kwa mvua ya usiku mmoja tu. (Mwenye makuti asijaribu kunywa, maji yake hutoka mekundu kama chai ya rangi. Yanafaa kwa miti na kuoshea baraza.)

Wazee waliojenga mji huu hawakuliacha jambo hili kwa bahati. Ndani ya vyoo vya nyumba za kale mna birika la kujengea la kuwekea maji, na ndani ya birika walifuga visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Katika baadhi yake kuna bakuli la kauri ya Kichina lililojengewa sakafuni, ili maji yakikauka samaki wabaki na mahali pa kukaa. Leo tunajenga ghorofa tatu bila birika hata moja, na paa lote linamwagia uchochoroni.

Ninachotaka si kikubwa. Mawe ya mpaka wa vilima yasimikwe na yaonekane. Kipimo cha chumvi cha visima vya Shela kibandikwe kila mwezi misikitini na skuli, tukijue sote kabla ya chai kutwambia. Kibali cha nyumba mpya kisitolewe bila birika la mvua kwenye ramani. Na kila jabia likaguliwe mwezi wa pili, kungali kukavu, saruji ingali inaweza kukamata.

La Kizingitini tumelianza wenyewe. Mjomba ameshanunua mifuko miwili, mmoja bado. Tunavuka Jumamosi alfajiri maji yakijaa. Atakayekuja aje na beleshi.